UCHAMBUZI: Sindano za mifupa: Tusitazame bei pekee, tuulize itakuwaje dozi ikikosekana

KUMALIZIKA kwa muda wa hataza ya dawa ya denosumabu kumefungua ukurasa mpya katika matibabu ya osteoporosisi, ugonjwa unaodhoofisha mifupa, hasa ya akina mama waliokoma hedhi na wazee kwa jumla. Tangu Juni 2025, nakala za dawa hiyo iliyouzwa kwa miaka mingi kwa jina la Prolia zimekuwa zikiuzwa nchini Marekani, na kufikia mwishoni mwa mwaka huo mlango ulikuwa umefunguka barani Ulaya pia. Viwanda vya India vilikuwa vimetangulia kutengeneza nakala zao.

Kwa taifa kama Kenya, ambalo huagiza sehemu kubwa ya dawa zake kutoka India, maana ya mabadiliko haya ni wazi. Sindano ambayo hapo awali ilikuwa ya wachache wenye uwezo itazidi kusogea karibu na mfuko wa mwananchi wa kawaida. Hakuna anayeweza kusema kuwa hiyo ni habari mbaya.

Hata hivyo, kabla ya hospitali na kampuni za bima kuikimbilia, kuna swali ambalo halina budi kuulizwa. Je, mgonjwa akikosa dozi moja, mbili au tatu, nini kitampata? Jibu hutofautiana mno kutoka sindano moja hadi nyingine, na katika nchi ambayo migomo ya wahudumu wa afya na uhaba wa dawa si mambo mageni, tofauti hiyo inafaa kupewa uzito kuliko asilimia zinazochapishwa katika vijitabu vya watengenezaji.

<b>Ugonjwa uliodhaniwa si wetu</b>

Mfupa ni kiungo hai. Kuna seli zinazoubomoa usiku na mchana, na nyingine zinazoujenga upya. Ujanani kazi hizi mbili huenda sambamba. Mwanamke anapokoma hedhi na homoni ya estrojeni kupungua, ubomoaji huushinda ujenzi. Matokeo yake ni kama nguzo iliyoliwa na mchwa: nje ingali imesimama, ndani imebaki matundu. Kuteleza kidogo tu sakafuni kunatosha kuvunja nyonga au kifundo cha mkono, na pingili za uti wa mgongo zinaweza kubonyea bila hata mtu kuanguka. Mgongo unaozidi kupinda uzeeni mara nyingi ni dalili ya pingili zilizovunjika bila mwenyewe kujua.

Kwa miongo mingi iliaminika kuwa Waafrika hawaugui maradhi haya. Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa Louis Solomon, uliochapishwa mwaka 1968, ambao ulipata visa vichache mno vya kuvunjika nyonga miongoni mwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini. Lakini wakati huo waliofika uzeeni walikuwa wachache, na waliofika hospitalini walikuwa wachache zaidi. Tafiti za miaka ya karibuni kutoka Afrika Kusini na Zimbabwe zimebainisha kuwa kuvunjika nyonga si jambo geni tena miongoni mwao.

Hali ya Kenya haiwezi kuwa mbali na hiyo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Isitoshe, wapo wengi wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na wengine wanaotumia tenofoviri, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Dawa hizo zote hupunguza uzito wa mifupa.

Tiba ya kwanza duniani kote imekuwa vidonge, hasa alendroneti. Ni rahisi kwa bei lakini vina masharti. Mgonjwa humeza kimoja kwa wiki, asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha asilale wala kula kwa nusu saa. Asipofanya hivyo umio linaweza kuchubuka. Wengi huchoka na kuacha katika mwaka wa kwanza. Hapo ndipo sindano zinapopata nafasi yake.

<b>Wazuiaji na wajenzi</b>

Sindano hizi zaweza kugawanywa katika makundi mawili: zinazozuia bomoabomoa na zinazojenga.

Katika kundi la kwanza, kongwe iliyothibitishwa vyema ni asidi ya zoledroniki, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya osteoporosisi mwaka 2007. Mgonjwa hupewa miligramu 5 kwa dripu, mara moja tu kwa mwaka, kwa muda usiopungua dakika 15. Dawa hujishika kwenye mfupa na kukaa humo kwa miaka. Hataza yake ilikwisha zaidi ya miaka kumi iliyopita, na leo hii inatengenezwa na kampuni nyingi.

Ipo pia ibandroneti, inayotiwa mshipani kila baada ya miezi mitatu. Haijathibitishwa kuwa inakinga nyonga, na kwa sababu hiyo haina haja ya kutuchelewesha.

Denosumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2010, hudungwa chini ya ngozi kila baada ya miezi sita. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ambayo hufunga ishara inayoziamsha seli za ubomoaji. Tofauti na asidi ya zoledroniki, haijishiki kwenye mfupa. Inapokwisha mwilini, kazi yake imekwisha.

Kundi la wajenzi linaongozwa na teriparataidi, kipande cha homoni inayotoka katika tezi ndogo za shingoni, iliyoidhinishwa mwaka 2002. Mgonjwa hujidunga kila siku kwa muda usiozidi miaka miwili kwa kawaida. Nduguye, abaloparataidi, aliidhinishwa Marekani mwaka 2017 na Ulaya mwaka 2022.

Mjenzi wa mwisho, romosozumabu, ana asili inayopaswa kumvutia kila Mwafrika. Miongoni mwa jamii ya Makaburu nchini Afrika Kusini kuna ugonjwa adimu wa kurithi ambapo mifupa haiachi kunenepa. Fuvu huwa nene hadi likabana neva, wengine wakapoteza uwezo wa kusikia, lakini mifupa yao haivunjiki kwa urahisi. Mwaka 2001 wanasayansi waligundua kuwa watu hao hukosa protini iitwayo sklerostini, ambayo kazi yake ni kuzuia ujenzi wa mfupa. Wakaunda kingamwili ya kuizima protini hiyo. Dawa hiyo iliidhinishwa Japan na Marekani mwaka 2019, na hudungwa mara moja kwa mwezi kwa miezi 12.

<b>Kutangulia si kufika</b>

Mtu anayezisoma asilimia juujuu atadhani mshindi anajulikana. Ikilinganishwa na dawa bandia, asidi ya zoledroniki ilipunguza visa vya kuvunjika kwa pingili za mgongo kwa asilimia 70 katika miaka mitatu. Denosumabu ilipunguza kwa asilimia 68 katika kipindi hicho hicho. Teriparataidi ilipunguza kwa asilimia 65, na romosozumabu kwa asilimia 73 katika mwaka mmoja.

Lakini wagonjwa katika tafiti hizo hawakuwa sawa. Katika utafiti wa teriparataidi, ambao ulihusisha wanawake ambao tayari pingili zao zilikuwa zimevunjika, asilimia 14 ya waliopewa dawa bandia walivunjika tena, ikilinganishwa na asilimia 5 ya waliopata dawa. Katika ule wa romosozumabu, idadi zilikuwa asilimia 1.8 na 0.5. Kuziweka asilimia za jumla katika jedwali moja kana kwamba ni ligi ya soka ni kumpotosha mgonjwa.

Ushahidi wa kuaminika zaidi hutokana na tafiti zinazozikutanisha dawa mbili ana kwa ana, nazo ni chache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliilinganisha teriparataidi na vidonge vya risedroneti kwa wanawake waliokuwa na mifupa dhaifu mno. Baada ya miaka miwili, asilimia 5.4 ya waliopata sindano walikuwa na pingili mpya zilizovunjika, dhidi ya asilimia 12 ya waliomeza vidonge. Mwaka uo huo, utafiti mwingine ulionyesha kuwa kuanza na romosozumabu kwa mwaka mmoja kabla ya alendroneti kulipunguza kuvunjika kwa pingili kwa asilimia 48 na nyonga kwa asilimia 38, ikilinganishwa na alendroneti pekee.

Fundisho ni kwamba kwa mgonjwa ambaye mifupa yake imeshavunjika mara kadhaa, kuanza na mjenzi kuna manufaa. Hata hivyo, katika utafiti huo wa romosozumabu, asilimia 2.5 ya waliopewa sindano walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa katika mwaka wa kwanza, dhidi ya asilimia 1.9 ya wenzao. Ndiyo sababu Marekani inaonya kuwa asianzishiwe dawa hiyo mtu aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miezi 12 iliyotangulia.

Ama kuhusu denosumabu na asidi ya zoledroniki, wapinzani wakuu katika soko letu, denosumabu huongeza uzito wa mfupa zaidi katika vipimo. Lakini hakuna utafiti mkubwa wa nasibu uliozikutanisha hizi mbili na kuonyesha kuwa moja huzuia kuvunjika kuliko nyingine. Kwa upande wa nyonga, kila moja ilipunguza hatari kwa takriban asilimia 40 ikilinganishwa na dawa bandia. Kama nguvu zao zinakaribiana, basi ni lazima tuzipime kwa mizani nyingine.

<b>Dozi inapokosekana</b>

Mizani hiyo ni kukatizwa kwa tiba.

Mgonjwa wa asidi ya zoledroniki akichelewa miezi sita, au hata mwaka, hapati madhara ya ghafla kwa sababu dawa ingali ndani ya mfupa. Watafiti wa New Zealand wamelionyesha jambo hili kwa namna ya kushangaza. Mwaka 2018 walichapisha matokeo ya wanawake wa umri wa miaka 65 na zaidi, ambao mifupa yao ilikuwa imepungua uzito lakini si kwa kiwango cha juu. Hao walipewa dripu kila baada ya miezi 18 badala ya 12, na visa vya kuvunjika vikapungua kwa asilimia 37. Mnamo Januari 2025 watafiti wa huko walikwenda mbali zaidi. Waliwafuatilia kwa miaka kumi wanawake waliokuwa na umri wa kati ya miaka 50 na 60 walipoanza. Waliopewa dripu mbili, zikitenganishwa na miaka mitano, asilimia 6.3 walipata pingili mpya zilizovunjika. Waliopewa dripu moja tu katika miaka yote kumi walikuwa asilimia 6.6. Waliopewa dawa bandia walikuwa asilimia 11.1.

Kwa denosumabu mambo ni kinyume. Sindano inapochelewa, seli za ubomoaji zilizokuwa zimefungwa huamka kwa pamoja na kuanza kazi kwa kasi kuliko hata kabla ya tiba. Uzito ulioongezeka kwa miaka huyeyuka katika kipindi kifupi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa, miongoni mwa waliovunjika pingili baada ya kuacha denosumabu, asilimia 60.7 walivunjika zaidi ya moja. Kwa waliokuwa wakipewa dawa bandia, kiwango kilikuwa asilimia 38.7. Kadhalika, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulibaini kuwa waliochelewesha sindano kwa zaidi ya wiki 16 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika pingili kuliko waliodungwa kwa wakati.

Janga la Covid-19 lilikuwa kipimo halisi cha jambo hili. Mwaka 2020, zahanati zilipofungwa, mashirika ya wataalamu wa mifupa yalilazimika kutoa mwongozo wa dharura kwamba denosumabu isicheleweshwe kupita miezi saba tangu sindano ya mwisho, na isipowezekana mgonjwa ahamishiwe vidonge kwa muda. Kuhusu asidi ya zoledroniki, waliona kuwa kuisubirisha kwa miezi kadhaa hakungeleta madhara.

Wajenzi nao wana sharti lao. Faida ya teriparataidi na romosozumabu hupotea taratibu mgonjwa asipofuatishwa na dawa ya kuzuia bomoabomoa. Mpangilio pia una maana. Kutoka teriparataidi kwenda denosumabu huongeza uzito wa mfupa, ilhali kutoka denosumabu kwenda teriparataidi huupunguza kwa muda.

<b>Mazingira ya Kenya</b>

Tuyatazame sasa mambo yalivyo hapa kwetu. Mwaka 2017 mgomo wa madaktari ulidumu siku 100, kisha wauguzi nao wakagoma kwa takriban miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Oktoba mwaka uo huo, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), na kipindi cha mpito kikaandamana na malalamishi ya wagonjwa na hospitali kuhusu huduma na malipo. Mama mzee ambaye sindano yake ya denosumabu ingeangukia katikati ya mojawapo ya vipindi hivyo hangekosa dozi tu. Angewekwa katika hatari ambayo pengine hangekuwa nayo kama hangeanza dawa hiyo.

Kuna pia suala la jokofu. Denosumabu, teriparataidi na romosozumabu zote huhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Denosumabu ikitolewa kwenye baridi hiyo ni lazima itumiwe ndani ya siku 14. Kalamu ya teriparataidi huhitaji jokofu hata baada ya kuanza kutumiwa, na hudumu siku 28 pekee. Kwa familia isiyo na friji katika joto la Garissa au Lodwar, dawa ya kujidunga kila siku ni ndoto. Chupa ya asidi ya zoledroniki hukaa rafuni kwa joto la kawaida.

Isifikiriwe kuwa dripu hiyo haina ila. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata homa na maumivu ya mwili kwa siku chache baada ya dozi ya kwanza, na asipoonywa mapema hatarudi tena. Haifai kwa wenye figo dhaifu, na ndiyo maana kipimo cha figo ni cha lazima kabla ya kuwekewa. Anayepungukiwa na vitamini D au kalisi anapaswa kurekebishiwa kwanza. Yeye pamoja na mtumiaji wa denosumabu wote wana hatari ndogo ya mfupa wa taya kuharibika, hasa baada ya kung'oa jino, na ya paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida baada ya miaka mingi ya tiba.

Denosumabu, kwa hivyo, ina nafasi yake. Haitegemei figo kuondolewa mwilini, na kwa anayeitumia bila kukosa, ushahidi wa hadi miaka kumi unaonyesha kuwa inaendelea kumkinga. Lakini hata hapa pana tahadhari. Mnamo Januari 2024, Mamlaka ya Dawa na Chakula ya Marekani (FDA) iliiwekea onyo kali zaidi baada ya kubainika kuwa inaweza kushusha kalisi kwa kiwango cha kuhatarisha maisha kwa wenye figo zilizoharibika sana, hasa wanaosafishwa damu.

<b>Mwelekeo ufaao</b>

Kutokana na hayo yote, ni maoni ya mwandishi huyu kuwa hospitali za umma zinafaa kuifanya asidi ya zoledroniki kuwa sindano ya kwanza, na SHA iigharamie kwa ukamilifu. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) tayari limeijumuisha katika orodha ya dawa muhimu, ijapokuwa kwa ajili ya mifupa iliyoathiriwa na saratani. Kwa hivyo si dawa ngeni kwa wauguzi wa wodi za saratani. Kinachotofautiana ni kipimo na idadi ya dozi.

Pa kuanzia pako wazi: kila mzee anayelazwa kwa kuvunjika nyonga. Hahitaji kusubiri mashine ya kupima uzito wa mifupa, ambazo ni chache na ziko mijini. Nyonga iliyovunjika kwa kuanguka sakafuni imeshatoa jibu. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wagonjwa waliopewa dripu hiyo ndani ya siku 90 baada ya upasuaji wa nyonga walivunjika tena kwa asilimia 35 pungufu, na vifo miongoni mwao vikapungua kwa asilimia 28. Hata hivyo, ni kawaida mzee kuwekewa chuma, kushonwa na kurudishwa nyumbani bila yeyote kuuliza kwa nini mfupa ulivunjika.

Pili, denosumabu isianzishwe bila mpango wa kuiacha. Hospitali inayoitoa iwe na daftari la tarehe na njia ya kumkumbusha mgonjwa, hata ikiwa ni kwa ujumbe mfupi wa simu. Siku ya sindano ya kwanza iandikwe pia dawa itakayofuata endapo fedha zitakwisha. Kwa kawaida dawa hiyo ni asidi ya zoledroniki au alendroneti.

Tatu, wajenzi watengewe wale wachache ambao pingili zao zimevunjika mara kwa mara, chini ya uangalizi wa daktari bingwa.

Naye mgonjwa, pamoja na jamaa wanaomlipia, awe na maswali matatu kabla ya kutoa mkono wake. Dawa hii ni ya muda gani? Nikikosa dozi moja nifanye nini? Nikimaliza, ni ipi inayofuata? Daktari asiyeweza kuyajibu hajamaliza kazi yake, hata kama sindano aliyoishika ni ya kisasa kuliko zote.

Nakala za bei nafuu zinakuja, na ni haki ya Wakenya kufaidika nazo. Lakini sindano inayodai uaminifu wa kila miezi sita haipaswi kukabidhiwa mfumo wa afya ambao bado haujaweza kuahidi uaminifu huo. Hadi hapo utakapoweza, dripu ya mara moja kwa mwaka, inayomvumilia mgonjwa hata serikali inapomsahau, ndiyo inayotufaa zaidi.